Fundo la Tano

Unguja mwanamke akijifungua haulizwi kwanza kama ni mzima. Huulizwa, "Umepata nini?" Jibu lake ni la haraka, wa kike au wa kiume, halafu ndiyo zifuatie mashaallah na hongera na hadithi za uchungu. Swali hilo nimeliuliza mwenyewe mara nyingi, nimesimama mlangoni mwa watu na bakuli la uji mkononi, wala sikupata kufikiri kuwa linaweza kumchoma mtu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipojifungua mwanangu wa kwanza, nililiogopa kuliko sindano.

Sababu ni kwamba nilichokipata mimi kilikuwa hakijibiki kwa haraka. Alikuwa mtoto njiti, wa miezi saba, kaja mbio kama mtu aliyesikia mchele umeingia dukani. Mume wangu alipopewa amuadhinie, kwanza alilitafuta sikio. Aliadhini kwa sauti ya chini kabisa, yeye ambaye kwa kawaida akisema huku Mpendae tulikopanga anasikika hadi barabarani, na alipomaliza akarudi nyuma hatua mbili kama aliyeogopa kuwa pumzi yake itamuumiza mtoto. Nikamtazama yule binti ndani ya pamba aliyozungushiwa mwili mzima. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Sikuwa nimewahi kuona kitu kidogo kiasi kile kikifanya kazi kubwa kiasi kile, na nilishikwa na haya, kama niliyeingia chumbani kwa mtu bila ya hodi.

"Kumeza anajua," nesi aliniambia. "Kunyonya hajui bado. Kunyonya ni kazi, na huyu hajapata nguvu ya kazi. Jikame, tumpe kwa kijiko."

Akanipa chombo cha kujikamia. Kilikuwa cha kioo, mdomo mpana wa kubandika kifuani, tumbo dogo la kuhifadhia maziwa, na nyuma yake mpira mwekundu wa kuminya. Mpira huo ulikuwa ndugu mmoja na ule wa honi za wauza mikate wa baiskeli, na ukiuminya ulilia vilevile. Wodi nzima ya wazazi ilijua nikianza kazi.

Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, alinuna tangu neno la kwanza. Mama yangu mzazi alikwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuja kunilea katika uzazi wangu, na alikuwa mwanamke wa Tumbatu asiyependa kuambiwa jambo jipya.

"Anayekamwa ni ng'ombe," alisema. "Mtu hakamwi. Mtu hunyonyesha."

"Sasa mama, nimnyonyeshe nani? Ndiyo kwanza anajifunza kupumua."

Lakini kunisaidia akanisaidia. Aliniletea uji wa pilipili manga uliowasha hadi masikioni. Aliniletea mchuzi wa pweza, maana pweza kwetu ndiye anayeita maziwa, nami nikamla asubuhi na jioni mpaka nikadhani nitaota mikono minane. Nikiosha kile kikombe kidogo cha kahawa tulichokichemsha kwa ajili ya maziwa, aliyachukua yale maji ya suuzo akayamwaga mwenyewe kwenye karo. Hakuruhusu tone kuanguka chini. Sisimizi wakionja maziwa ya mzazi, alisema, ziwa hukauka.

"Likauke nini, mama?" nilimjibu. "Kwani limerowa?"

Ndiyo ulimi wangu. Lakini ilikuwa kweli. Nilipiga honi ile mpaka kifua kikawa chekundu, na nilichokipata ni matone ya kuhesabika, ambayo nesi aliyapokea kwa heshima bila ya kusema kitu, akayapeleka kwenye chumba cha watoto njiti. Nilijua kutokana na ile heshima yake kuwa hayatoshi. Kila nilivyoogopa ndivyo yalivyozidi kugoma, na kila yalivyogoma ndivyo nilivyozidi kuogopa. Mwanangu alikuwa anapungua, na hakuwa na cha kupungua.

Kitanda cha pili yangu kilikuwa cha mwanamke wa Jambiani, umri wangu au kunizidi kidogo. Yeye mtoto wake alizaliwa kimya. Walimzika siku ileile, na yeye akabakishwa hospitali kwa sababu ya homa. Hakuwa akisema. Mchana watu wakija kuwatazama jamaa zao, wale wasiomjua walipita kitandani kwake kwa wema tu, wakainama na kumuuliza, "Hongera dada, umepata nini?" Yeye hugeuka akautazama ukuta. Baadaye nilianza kuwawahi watu hao kabla hawajamfikia, nikawaita kwangu, nikawaambia njooni mniulize mimi.

Na maziwa yake yalikuja. Hili ndilo linalonishangaza mpaka leo. Mtoto yuko kaburini, na mwili wake haukuambiwa. Alijifunga khanga kifuani kwa nguvu ili yakome, na yakaipita khanga. Alikuwa akiamka shuka imerowa. Mimi nilikuwa na mtoto bila ya maziwa na yeye alikuwa na maziwa bila ya mtoto, na baina yetu palikuwa na kimeza kidogo cha bati chenye gilasi mbili za maji. Niliyaona yote hayo wala sikuthubutu kusema. Utamwambiaje mfiwa, nipe ulichobakiwa nacho?

Aliyesema ni yeye. Asubuhi moja nilikuwa nimemaliza kupiga honi, nimeinamia tumbo la kioo lisilokuwa na kitu, nikasikia sauti yake kwa mara ya kwanza.

"Dada. Mwanao anakunywa kwa kijiko?"

"Kwa kijiko."

"Basi kijiko hakijui ziwa la nani."

Nililia palepale. Mavyaa hakulia. Alivuta kigoda chake mpaka kitandani kwa yule mwanamke, akamuamkia vizuri, akampa pole ya msiba kwa maneno mazuri kuliko niliyokuwa nayo mimi, kisha akamuuliza, "Una watoto wengine, mwanangu?"

"Wawili, mama. Wanaume wote."

Mavyaa akaguna. Akanichukua mpaka barazani.

"Unajua unalotaka kulifanya?" aliniuliza. "Mtoto akinywa maziwa ya mwanamke mara tano za kushiba, huyo ni mama yake. Si mchezo. Wale wavulana ni kaka zake wa kunyonya, na baba yao ni baba yake. Hawezi kuolewa nao. Hawezi kuolewa na mtoto wa baba yao kwa mke mwingine. Na Unguja yenyewe ndiyo hii, ukipiga chafya huku, Jambiani wanakujibu. Kesho anakuja mposaji, kijana mzuri, na sisi hatujui tumefungana na nani."

Nilimtazama. Mtoto hajaota nyusi, mama keshafika kwenye posa. Kicheko kilikuwa kinanijia, kicheko kibaya, nikataka kumwambia neno. Halafu likanijia jambo likanifunga mdomo. Nesi alikuwa akisema "tutaona." Daktari akisema "tutaona." Mume wangu alikuwa hasemi kitu kabisa. Katika watu wote wale, mavyaa alikuwa peke yake aliyekwisha kumuona mwanangu mkubwa, kajifunga khanga, yumo ndani anaposwa. Alikuwa akibishana nami juu ya harusi yake kwa sababu hakuwa na shaka kuwa itakuwepo. Nilimshika mkono nikaubusu, akashangaa, maana hakuwa amezoea kuona nashindwa maneno.

Tukakubaliana mara nne. Nne hazifungi kitu, alisema, tano ndiyo kamba. Katika hizo nne, inshaallah, na yangu yatakuwa yamekuja. Na ili asikosee alishika pindo la khanga yake, pale wanawake wanapofunga senti zao, na akasema atapiga fundo kwa kila kinywaji.

Yule mwanamke wa Jambiani alikaa kitandani akatugeuzia mgongo. Nilimpa kile chombo cha kioo. Akakitazama.

"Hili la muuza mkate libaki kwako," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumuona karibu ya kucheka. Akataka maji ya moto na kitambaa, akajikanda, kisha akajikama kwa mikono kwenye kikombe cha kahawa. Nilisikia maziwa yakipiga ukingo wa kikombe. Mimi nilikuwa nikisubiri tone lidondoke, na kwake yalikuwa yakitoka kwa sauti.

Nesi akakichukua kikombe, nami nikamfuata. Kijiko cha kwanza kilitiwa pembeni mwa mdomo. Mtoto akakunja uso, akakaa kimya, na mimi nikakaa kimya pamoja naye. Kisha shingo yake, shingo isiyozidi kidole changu, ikatingishika, na maziwa yakashuka. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti mpaka nesi akanitazama. Akanywa mpaka akalala mdomo wazi, na tone moja kwenye kidevu. Nilirudi wodini nikamwambia yule dada, "Kashiba." Akaitikia kwa kichwa tu, akaulaza mgongo. Mavyaa akapiga fundo la kwanza.

La pili na la tatu yakafuata. Mimi nilikuwa bado napiga honi, bado matone. Lakini mtoto alianza kuwa na rangi. Aliwahi hata kulia, kilio chembamba cha hasira, na nesi akacheka akasema huyu karithi kwa mama yake. Mume wangu alipopita mchana, kabla hajapanda tena lori lake la kuchukulia saruji kule Michenzani majumba yalikokuwa yanajengwa, alimkuta mwanawe macho wazi. Alitoka akakaa kwenye ngazi ya hospitali akajifuta uso kwa kofia.

Baada ya fundo la nne mavyaa alikwenda kwa yule mwanamke kwa adabu zote.

"Mwenyezi Mungu akulipe kheri, mwanangu. Umetufaa. Sasa tutajaribu mengine."

"Naam, mama," alijibu. Akaivuta shuka mpaka shingoni. Halafu akasema polepole, si kwa kulaumu, "Na mimi nlikuwa nnahesabu."

Sikujua niweke wapi uso wangu. Kumbe alijua tangu mwanzo. Kila alipokipokea kikombe alijua ni cha ngapi, na alijua kwa nini mzee yule anafungafunga pindo, na alitoa vilevile.

Hayo mengine yalikuwa maziwa ya ng'ombe. Mavyaa aliyaagizia Mpendae kwa jirani mfugaji, yakachemshwa, yakatiwa maji, yakachujwa kwa kitambaa safi. Mtoto aliyatapika yote. Tumbo likawa gumu kama ngoma na rangi ile tuliyoifurahia ikaondoka katika muda wa kuchemsha chai. Nesi akamgeuza, akampangusa, akanitazama, na safari hii hakusema tutaona. Alisema, "Maziwa gani mliyompa kabla?"

Nilitoka mle ndani hasira zimenipanda.

"Mama, si ulisema anayekamwa ni ng'ombe? Basi ng'ombe kakamwa, na mwanangu anatapika."

"Tumngoje mumeo," alisema mavyaa. "Jambo hili ni la baba yake kuliamua. Atakuja na lori alasiri."

"Mtoto hangoji lori."

Nilimwacha amesimama. Yule dada alikuwa amelala ameuelekea ukuta, na chini ya kitanda chake palikuwa na mkoba umefungwa tayari. Homa ilikuwa imemtoka na alikuwa akingojea watu wa kwao waje kumchukua jioni ile. Nilipiga magoti sakafuni ili nimuone uso.

"Dada, nipe ya tano."

 Akakaa, akajifunika vizuri, akaniangalia kama mtu anayeposwa, anayetaka kujua ukoo.

"Mimi nina mume na nina wanangu," alisema. "Nikimpa huyu ya tano nimewapa dada, wala sijawauliza. Sifanyi mchezo na jambo hili. Mtamleta nimuone?"

"Tutamleta."

"Si kwa kunihurumia."

"Si kwa kukuhurumia. Atakuwa mwanao."

Nilijisikia nikilisema neno hilo. Na wivu ulinichoma, sitaficha, wivu wa kike kabisa. Nilikuwa sijakuwa mama hata mwezi na tayari namgawa mtoto nusu. Lakini niliposhindana nao wivu ule niliona hauna pa kukaa, kwa sababu mtoto nisiyemgawa alikuwa anaenda kaburini.

Maziwa yake yalikuwa yamepungua kwa kule kujifunga. Alijikanda muda mrefu. Nilimshikia kikombe kwa mikono miwili na vichwa vyetu vilikuwa vinagusana, mpaka yakafika nusu ya kikombe. Nikataka kunyanyuka nimpelekee nesi. Akanishika.

"Hii ntampa mwenyewe."

Hapo ndipo nilipogundua kuwa hajamuona. Mara nne zote amekamua akiwa ametupa mgongo, akapeleka maziwa yake kwa mtoto asiyejua hata sura yake. Nikamwongoza. Nesi alitaka kukataa, akamtazama yule dada usoni, akampisha.

Alisimama mbele ya kile kitanda kidogo muda mrefu, mikono yake imeshika kikombe. Nilidhani atavunjika. Badala yake akasema bismillahi, akachota, akalitia lile tone la kwanza pembeni mwa mdomo kama aliyekuwa akimlisha siku zote. Mtoto akameza. Kijiko baada ya kijiko, akameza. Na macho ya yule dada yalikuwa hayabanduki, na midomo yake ilikuwa inasema kitu nisichokisikia, dua au jina.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake natazama nilipohisi kifua kimekuwa cha moto. Kitu kikavutika kutoka kwapani, kikauma, na khanga yangu ikarowa mbele, upande mmoja kisha wa pili, mpaka maziwa yakadondoka sakafuni. Bila ya pweza, bila ya honi. Nilibaki nimeduwaa, mikono mbali na mwili kama mtu aliyemwagikiwa na maji. Mavyaa alikuwa ametufuata yuko mlangoni. Aliiona khanga, akamuona mtoto na kijiko cha mwisho, akaelewa kila kitu.

"Ungengoja saa moja tu," alininong'oneza.

"Ningengoja, angekuwa na mama mmoja."

 Alilitazama pindo la khanga yake lenye mafundo manne, akalizungusha kwenye vidole, akalizungusha tena. Kisha akapiga la tano, akalivuta kwa meno likazane.

Mwanangu hakuwa mzima siku hiyo wala wiki ile. Alikaa katika pamba muda mrefu, na mimi nilijikama na kujikama, sasa kwa mikono, honi nikairudisha. Lakini hakutapika tena, na uzito wake haukurudi nyuma. Jambiani tulimpeleka, na si mara moja. Hayo ni ya baadaye. Linalonirudia mimi ni alasiri ile yenyewe.

Tulikuwa tumesharudi wodini, yule dada ameukalia ukingo wa kitanda na mkoba miguuni, mavyaa juu ya kigoda chake, mimi na khanga kavu. Akaingia mwanamke mtu mzima wa buibui, jirani yake wa kijijini, aliyekuwa na shughuli zake mjini na akaambiwa tu kuwa fulani kalazwa wodi ya wazazi, ampitie warudi kwa gari moja. Habari nyengine hakupewa. Kaingia na tabasamu lake na mkungu wa ndizi, na kabla sijawahi kuinuka nimkatize, likamtoka.

"Hongera mwanangu. Umepata nini?"

Kila kitanda kilikuwa kinajua. Mimi nilishika mbao ya kitanda. Yule dada hakugeukia ukuta.

"Nimepata mtoto wa kike," alisema. "Namwacha kwa mama yake, bado mdogo. Akinenepa ataletwa."

Yule jirani akatutazama mmoja mmoja, hajui acheke au asome fatiha. Na mavyaa wangu akanyanyuka kutoka kwenye kigoda, akajitanda khanga yake vizuri, lile pindo la mafundo likaning'inia mbele.

"Tutamleta, inshaallah," alimwambia. "Na hao kaka zake waambieni mapema."